Mnanaa usiochanua, mrehani usiokoma kuchanua

Misimu miwili nilikaa nikisubiri mnanaa wangu utoe maua. Uko uani kwangu hapa Ujiji, chini ya mwembe, karibu na bomba, mahali ambapo udongo haukauki hata mwezi wa nane. Nilitaka mbegu. Mdogo wangu anayeishi Uingereza alikuwa amenitumia picha ya mnanaa wake mwezi wa saba: vishada vya maua ya zambarau hafifu, nyuki wametanda juu yake. Yeye alikuwa analalamika. "Dada, ukishachanua tu majani yanapungua na ladha inabadilika." Mimi nikawa namwonea wivu, maana wangu ulikuwa majani matupu.

Nikaamua niuache. Sikuchuma hata jani, nikidhani nikiupa nafasi utachanua. Matawi yakarefuka yakalala chini, majani ya chini yakawa manjano na kudondoka. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokolea, nikageuza jani moja nikakuta vidoa vya rangi ya machungwa upande wa chini. Nilipokigusa kimoja, unga ukabaki kidoleni kama bizari. Ile ni kutu, ugonjwa wa ukungu, na hupenda sana mnanaa uliosongamana usiopitisha hewa. Niliufyeka wote mpaka usawa wa udongo, matawi nikayachoma moto. Iliniuma, lakini baada ya wiki tatu hivi machipukizi yalikuwa yametoka mengi, safi, yananukia hadi mlangoni.

Aliyenifumbua macho ni bibi shamba mmoja aliyepita kuangalia mchicha wangu. Aliniuliza, "Mama, jua la hapa linachomoza saa ngapi?" Nikamwambia saa moja asubuhi hivi, na kuzama saa moja jioni hivi. "Mwezi wa sita je? Wa kumi na mbili je?" Ni vilevile. Akaniambia basi jibu ni hilo. Mnanaa unasubiri mchana mrefu ndipo uchanue. Uingereza mwezi wa sita mchana unapita saa 16, wakati Kigoma, nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haupishani hata saa moja. Mmea wangu haukuwa mgonjwa wala sikuwa nimeunyima kitu. Na hata ningepata mbegu, akasema, mnanaa huchanganyika ovyo, mtoto anaweza asifanane na mama kwa harufu wala ladha.

Tangu hapo nazalisha kwa vipando tu. Nakata kitawi cha urefu wa kiganja, naondoa majani ya chini, natia kwenye glasi ya maji dirishani pasipopigwa na jua kali. Wiki moja na kidogo mizizi myeupe imeshatoka. Kisha nahamishia kwenye dumu la lita 20 lililokatwa katikati na kutobolewa chini, udongo na samadi ya mbuzi iliyooza. Usiupande bustanini wazi. Mizizi yake hutambaa chini kwa chini, mimi ulishanimezea tuta zima la mchicha, na kila kipande cha mzizi kinachobaki ardhini kinachipua upya.

Mrehani ni habari nyingine kabisa. Ni ndugu wa mnanaa, shika shina la kila mmoja utasikia ni la pembe nne, lakini mrehani hapa kwetu hausubiri siku ndefu. Miezi miwili tu tangu uote umeshaanza kuchanua. Marehemu bibi yangu alikuwa nao mlangoni, jioni anachuma kutia katikati ya khanga zake, na nilipokuwa mtoto kila mara nilimwona akikatakata ncha. Nilidhani anaharibu.

Sasa najua alichokuwa anakitazama. Angalia ncha ya tawi: majani yanaanza kuwa madogo na kupangana kwa kubanana, kama kijimnara. Hicho ndicho kishada cha maua, hata kabla hujaona ua lenyewe. Kivunje kwa kucha, juu kidogo ya jozi ya majani makubwa. Kwenye kwapa za yale majani mawili kuna vichipukizi viwili vidogo, na hivyo vitakuwa matawi. Ukisubiri maua yazae mbegu, shina linakuwa gumu kama kuni, majani yanabaki madogo, na mmea unaelekea kufa. Mimi napita kila Ijumaa asubuhi, kazi ya dakika tano. Kwa namna hiyo mche mmoja umenitunza karibu mwaka.

Mmoja tu nauacha uchanue apendavyo Mungu, pale pembeni mwa maboga, kwa ajili ya nyuki na kwa ajili ya mbegu. Vikombe vya maua vikishakuwa vya kahawia navisugua viganjani: kila kimoja mbegu nne nyeusi. Usiziloweke kabla ya kusia, zikinywa maji zinavaa utelezi na kunatana. Zinyunyize juu juu, funika kwa udongo kiasi cha kuzificha tu.

Mwezi wa Ramadhani wauza juisi wananifuata nyumbani kwa mafungu ya mnanaa, na sichoki kukata kwa sababu kila ninapokata unarudi mnene zaidi.

Juzi mdogo wangu amepiga simu, wake umeanza tena kutoa vishada. Nikamwambia avunje juu ya jozi ya majani, kabla ua halijafunguka, na mashina mawili ya pembeni awaachie nyuki.