Nguo Rahisi, Fundi Ghali: Cherehani Yangu Huku Leeds

Kwetu Tanga suruali ikichanika unaipeleka kwa fundi. Utamkuta barazani na cherehani ya kukanyaga, futikamba shingoni, na ukikaa kidogo kwenye benchi unaondoka na suruali yako mkononi. Ujira wake haukuumizi. Chenye thamani ni nguo. Huku Leeds mambo yamegeuka: suruali mpya ya shule ya supamaketi ina bei ndogo kuliko anayotoza fundi wa mtaani kwetu kubadilisha zipu tu. Simlaumu. Analipa pango, umeme na kodi, na saa yake moja ya kazi ni saa ya Uingereza. Ile suruali imeshonwa Bangladesh au Pakistani na mtu ambaye saa yake hulipwa kidogo mno. Kwa hiyo watu wanatupa, kwa sababu hesabu ndiyo inayowaambia watupe.

Mimi hesabu hiyo sikuikubali. Mshahara wangu ni wa kutunza wazee, watoto wanarefuka kila msimu, na nimelelewa na mama ambaye hakutupa kitambaa mpaka kimekuwa nyuzi. Cherehani nimeipata kwenye duka la hisani, linalouza vitu vilivyotolewa na watu kama msaada. Ni nzito, ya chuma, ya umeme. Inakaa sebuleni karibu na dirisha, maana majira ya baridi hapa jua linazama saa kumi alasiri na mwanga wa taa hauonyeshi uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

Kazi nyingi ni suruali za shule. Mtoto wa miaka minane anacheza mpira kwenye lami, goti linakwisha kabla ya muhula. Wengi hujaribu kuweka kiraka huku mguu wa suruali umefungwa, mashine inakamata pande zote mbili, wanakata tamaa. Fumua kwanza mshono wa pembeni, kuanzia juu kidogo ya goti mpaka chini yake, kitambaa kilale bapa. Weka kiraka kwa ndani, kipige pasi, kipige bandi (mishono mirefu ya muda), halafu pitisha cherehani kwenda na kurudi juu ya sehemu iliyochoka, ukivuka kidogo mpaka wa tundu ili uzi ushike kitambaa kizima. Mwisho rudishia mshono. Kiraka nakikata kwenye suruali iliyokufa kabisa, sehemu ya nyuma chini ya goti, kwa sababu pale kitambaa hakiliki na rangi yake imefifia sawasawa na ile unayoitengeneza. Kiraka kipya juu ya suruali ya zamani huonekana tangu getini.

Urefu nao una njia yake. Nanunua ndefu, napinda upindo mpana, mtoto akirefuka nafumua na kupinda upya. Alama ya mkunjo wa zamani hupungua sana ukiilowesha kwa siki nyeupe na maji na kupitisha pasi juu ya kitambaa safi. Sindano pia ziheshimiwe. Jinzi inataka sindano nene, namba 100, na nguo za kuvutika zinataka sindano ya ncha butu, kwani ile kali inakata nyuzi na baada ya kufua unakuta vitundu vimejipanga kando ya mshono.

Koti likigoma kufungwa, usikimbilie kung'oa zipu nzima. Mara nyingi meno ni mazima ila kichwa cha zipu kimelegea. Kibane pole pole kwa plaizi, upande mmoja kisha wa pili, ujaribu. Makoti ya kazini kwetu nimeyaokoa namna hiyo, na wenzangu sasa wananiletea ya kwao wakati wa mapumziko.

Lakini sufu ndiyo iliyonifundisha kazi mpya. Pwani sweta ya sufu inatakiwa lini? Hapa ni nguo ya lazima, na ina adui ambaye sikumjua: nondo. Yule anayeruka hana shida, hata kula hali. Wanaokula ni viwavi wake, wanaokaa gizani kabatini wakitafuna sufu iliyobaki na jasho au chembe za chakula. Nguo yenye dalili naifua, naikausha vizuri, naifunga kwenye mfuko na kuiweka kwenye friza wiki mbili. Hapo ndipo naanza kuziba tundu.

Kuziba tundu la sweta nimefundishwa na bibi mmoja ninayemtunza. Ana zaidi ya miaka 90. Alianza kazi akiwa na miaka 15 kwenye kiwanda cha Montague Burton cha Hudson Road hapa Leeds, kiwanda cha suti ambacho siku zake za kustawi kilikuwa na wafanyakazi wapatao 10,000. Utoto wake ulikuwa wa nguo za kuponi: Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kipimo Juni 1941 na haikuacha mpaka Machi 1949. Koti la baba liligeuzwa la mtoto, shuka iliyochakaa katikati ilipasuliwa kwa urefu na kingo zake kushonwa pamoja ili upande mzima uje katikati. Ananisimulia hayo huku vidole vyake vikienda, ijapokuwa jina langu husahau mara kwa mara.

Namna yake ni hii. Unaweka kitu kigumu cha mviringo chini ya tundu. Yeye alikuwa na kifaa cha mbao cha umbo la uyoga, mimi nina kifuu cha nazi nilichokisugua kwa msasa kikalainika. Unapitisha nyuzi za sufu sambamba, ukianzia mbali kidogo na tundu ambako sweta ni nzima, bila kuvuta. Kisha unapitisha nyuzi nyingine za kuzivuka hizo, moja juu moja chini, kama ukili wa mkeka. Ukivuta sana tundu linakunja uso, ukilegeza sana linaning'inia. Nikimaliza, bibi anaigeuza sweta aone nyuma kabla ya mbele, na kama nyuma ni fujo haniambii neno, ananirudishia tu. Fundi wa kwetu naye angefanya hivyo hivyo.

Sweta iliyofuliwa kwa maji ya moto ikasinyaa na kugandamana usiilie. Sufu ya namna hiyo ukiikata haichanuki nyuzi. Nimekata humo glavu za watoto, soli za ndani za mabuti na fuko la chupa ya maji moto, bila kupinda upindo hata mmoja.

Kanga zangu ni habari nyingine. Nilikulia kwenye nyumba ambayo doti mpya ilivaliwa kwenye shughuli, ikichoka kidogo ikawa ya kushindia jikoni, ikilainika ikawa ya kulalia, halafu mbeleko na nepi, na mwisho kabisa dekio. Huku nimeongeza hatua moja katikati. Kanga iliyolainika naifanya bitana la koti la baridi. Pamba yake haiteleshi na haisisimui mwili kama bitana za nailoni. Koti la binti yangu ukilifungua ndani limeandikwa "Nani kama mama", maandishi yakipita mgongoni, na kanga ile ilikuwa ya bibi yake. Kwa nje ni koti la kawaida la kijivu. Anajua mwenyewe alichokivaa.

Baada ya kuhamia huku ndipo nilipojua kwamba eneo hili lilipata utajiri kwa matambara. Batley, mji ulio karibu na Leeds, ndiko Benjamin Law alikobuni mwaka 1813 njia ya kusaga nguo za sufu zilizochakaa na kuzisokota tena kuwa uzi mpya. Matambara yalikuja kwa treni kutoka Uingereza nzima na Ulaya, maghala yake ya mawe yamesimama hadi leo karibu na stesheni. Nikipita pale huwaza kwamba safari ya nguo kuukuu siku hizi imegeuzwa uelekeo: zinatoka huku zinakwenda kwetu.

Hapo nina ombi kwa wenzangu wa ughaibuni. Tusitie nguo zilizochanika au zenye madoa kwenye yale makontena ya hisani tukijipa moyo kwamba kuna mtu Afrika atafurahi. Mfanyabiashara wa mitumba wa soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, ananunua robota limefungwa, la kilo 45 pengine, bila kujua kilicho ndani. Akilikata akakuta matambara, hasara ni yake na mkopo ni wake. Gikomba iko kando ya Mto Nairobi, na kila aliyepita pale ameona mabaki ya nguo yakining'inia kwenye kingo za maji. Mengi ni poliesta, haiozi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuwanyima nafuu za AGOA, sheria yake inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia ushuru wake wa mitumba, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani. Sisemi mitumba ife, imesomesha watoto wengi, wengine wa ukoo wangu. Nasema anayetoa nguo huku aitoe ikiwa inavalika: zipu inafanya kazi, vifungo vimeshikizwa, imefuliwa. Isiyovalika maduka mengi ya hisani huipokea kama matambara ukiifunga mfuko wake na kuiandika hivyo, ila uliza kwanza.

Kwa nyumbani, fulana na taulo za pamba hufaa kuwa vitambaa vya kufutia. Poliesta hainyonyi maji, usihangaike nayo. Vifungo, zipu nzima na lastiki ving'oe kabla ya kutupa chochote. Kopo langu la vifungo limeokoa mashati mengi ya sare.

Mnaojiandaa kuja, acheni nafasi kwenye sanduku kwa kanga zilizolainika, si mpya tu. Na kabla ya kupanda ndege kaeni na fundi wa mtaani siku chache, mlipeni ujira wake, awafundishe kung'oa na kurudishia zipu ya suruali. Upindo na kiraka mtu anaweza kujifunza mwenyewe kwa kubahatisha. Zipu inataka uone mkono wa anayeijua, hasa pale chini inapoingia kwenye mshono wa katikati.