Winchi ya Igombe na kidumu cha lita tano

Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki, na kule Igombe, kando ya Ziwa Victoria karibu na Mwanza, mitumbwi hupandishwa ufukweni kuzibwa nyufa. Huvutwa na winchi, mashine ya kuvuta kamba inayoendeshwa na presha ya oili. Juzi mama mmoja mwenye mitumbwi mitatu akanipigia: "Mwanangu, winchi inajikokota. Fundi aliyepita kaongeza presha mara mbili, wapi!"

Hili linaniuma, maana watoto hushinda pale pale karibu na mipira ya oili, na presha ikizidi mpira unaweza kupasuka. Fundi yule alikaza valvu ya usalama, na hiyo inasogeza kikomo cha presha tu. Presha yenyewe inaletwa na mzigo: ngoma, ile roda inayokunja kamba, ilipozunguka tupu, geji ilisoma baa 20 (baa ni kipimo cha presha), tulipofunga mtumbwi ikapanda hadi 150. Mwendo unaletwa na lita za oili zinazopita ndani ya mota inayozungusha ngoma.

Pampu inayosukuma oili niliipima kwa ndoo ya lita 20, ikajaa kwa sekunde 30. Ni lita 40 kwa dakika. Mota ile inameza sentimita za ujazo 100 kila mzunguko, kwa hiyo izunguke mara 400 kwa dakika. Gia inagawa kwa 20, ngoma ipate mizunguko 20. Nikachora alama ya chaki kwenye ngoma, nikashika saa. Bila mzigo, 19. Na mtumbwi, 12! Yaani lita 24 tu ndizo zilizokuwa zinafanya kazi. Nyingine 16 zinakwenda wapi?

Nikafungua ule mpira mwembamba unaorudisha uvujaji wa mota kwenye tangi, nikautia kwenye kidumu cha lita 5 huku mtumbwi unavutwa. Oili ilitoka ya moto, nyepesi kama chai. Sekunde 19, kidumu kimejaa. Ndizo zile lita 16. Pampu sikuigusa tena.

"Basi tufunge mota kubwa?" mama akauliza. Nikamwambia, mama, mota ya sentimita za ujazo 200 kwa presha hiyo hiyo itakupa nguvu ya kuzungusha mara mbili, toka kama nyutonimita 240 hadi 480, lakini mwendo utakuwa nusu. Nguvu unayo. Mota yako imelika ndani, oili inapita pembeni.

Tukafunga nyingine ya 100, na valvu nikairudisha kwenye baa 170 zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Na mtumbwi, ngoma ikapiga 18, mara nyingine 19. Kufika adhuhuri mitumbwi yote mitatu ilikuwa juu ya mchanga, mama anatafuta fundi wa mbao.