Anayemchukua Binti Huwa Anajulikana

Wiki iliyopita niliketi barazani kwa jirani yangu hapa Ngamiani, mama wa Kisambaa ambaye binti yake alichukuliwa Lushoto akiwa na miaka 14 kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Nilipomuuliza ni nani aliyemchukua, alijibu, "Si mtu baki, ni shangazi yake."

Sisi wa Tanga tumezoea kuwaonya watoto wajihadhari na wageni, ilhali anayepanda milima ya Usambara au kuingia vijijini Handeni kutafuta binti wa kazi, mara nyingi ni ndugu au mwanakijiji aliyetangulia mjini, na huja na nauli mkononi pamoja na ahadi ya cherehani au ya kusomeshwa. Nauli hiyo ndiyo kitanzi cha kwanza, kwa kuwa binti huambiwa aifanyie kazi mpaka iishe. Cha pili, ambacho kwangu ndicho kibaya zaidi, ni mshahara "unaotunzwa": mama mwenye nyumba husema fedha zimetumwa kwa shangazi, na shangazi husema hazijafika. Binti wa jirani yangu alikaa mwaka mmoja na miezi saba bila kushika shilingi, na alipoomba kurudi kwao alitajiwa deni la chakula na nguo.

Wanaovuka kwenda Uarabuni hukuta vitanzi hivyo vimekazwa zaidi. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2017, kutokana na masimulizi ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, jinsi mfumo wa kafala unavyomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, jinsi pasi za kusafiria zinavyochukuliwa, na jinsi anayetaka kuondoka anavyodaiwa gharama ambazo mwajiri alimlipa wakala.

Jirani yangu hujilaumu. "Nilimtoa kwa mkono wangu mwenyewe," aliniambia. Nikamweleza kuwa Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haikubali ridhaa ya mtoto, wala ya mzazi wake, iwe utetezi wa aliyemsafirisha ili anyonywe. Akauliza kama sheria hiyo inamgusa hata ndugu wa damu. Nikamjibu kuwa inamgusa. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kuwa mwezi uliopita shangazi huyo alipiga simu kumuulizia mdogo wa binti huyo.