Nimepinduka mara nne, kwa makusudi

Jamani, leo alfajiri nilikuwa Ghuba ya Msasani nikijipindua na kayaki, kale kaboti kembamba ka kupiga kasia. Mzee mmoja kwenye ngalawa akasimama kunitazama: "Kijana, unajifunza kuzama?" Nikamjibu, "Hapana mzee wangu, najifunza kupanda tena."

Mwezi ujao mimi na binamu tunakwenda kuvua Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, na kuanguka si tatizo. Tatizo ni kurudi juu umevaa jaketi okozi, kasia linakukimbia. Mara mbili nilimeza maji ya chumvi. Ya tatu nikashika siri: piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, jivute kifua kipite juu ya kayaki, ndipo ugeuke ukae. Taratibu!

Watu wananiambia ziwa si bahari. Ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000? Mchana upepo ukiingia, mawimbi yake ni mafupi na yanafuatana haraka. Kwa hiyo tunaingia kukipambazuka, saa nne asubuhi tuko nchi kavu. Matete tunayakwepa, kuna viboko. Kisu kiko kifuani, maana sangara mkubwa akivuta vibaya, mshipi unakatwa tu. Mama mkubwa anajua mwalo tutakaoondokea. Saa tano ikipita bila simu, anawaita wavuvi.

Binamu kashanunua fimbo ya kuvulia ya bei mbaya, ila jaketi hataki, eti linamnenepesha. Basi atabaki mwaloni akiparua samaki wangu.