Mradi wa kiporo: nyati kwenye karanga

Jumamosi usiku. Wageni wameondoka, na kwenye sufuria kumebaki mapande ya paja la nyati na mchuzi mwepesi. Tangu kanuni za 2020 ziruhusu mabucha ya nyamapori hapa Tanzania, nyama hii ninainunua mchana kweupe, na risiti naiweka. Mtu akikukuta na nyamapori huna karatasi, hiyo ni kesi. Kiporo nimekimwaga kwenye bakuli pana kipoe upesi, kisha friji. Sikiachi kilale jikoni, hata kama bibi wa watoto wangu anasema zamani kililala tu na hakuna aliyekufa.

Jumapili asubuhi. Mchuzi umeganda, ukitikisa bakuli unatetemeka. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Nyati hana mafuta ndani ya nyama kama ng'ombe wa kunenepeshwa. Anacho kile kiwambo cheupe kinachoshika misuli, ambacho kikikaa muda mrefu kwenye moto mdogo kinayeyuka na kuwa utelezi. Jana alikaa jikoni mchana kutwa, na huu utelezi ndio malipo.

Sasa msimamo wangu katika mradi huu: kiporo cha nyati hakipashwi kikiwa mapande. Ukikipasha hivyo, nje panakakamaa na ndani panabaki pakavu, watoto wanatafuna mpaka taya zinauma. Kinachambuliwa. Nilifuata nyuzi kwa vidole, nikazitenganisha, halafu nikazikata fupi kwa kisu. Kano ngumu nilizitenga. Jirani alinishauri papai bichi. Papai ni la siku ya kwanza, kabla ya moto; nyama iliyokwisha kuiva itarojeka bure.

Karanga nilichukua mbichi sokoni. Nilizikaanga kikaangoni bila mafuta, nikazipeta maganda, nikazitwanga kwenye kinu nikaishia njiani, zibaki na chenga. Za kusagwa dukani laini mno, na mara nyingine zina sukari. Mafuta ambayo nyati hana, karanga zinayo.

Mchana. Kitunguu, nyanya chache, chumvi. Binzari nimeiacha kabatini. Nyamapori ina harufu yake, na mtu anayetaka kuiua kwa viungo angenunua kuku. Karanga nilizikoroga kwanza kwenye bakuli na mchuzi wa moto ndipo nikazimimina, maana zikiingia kavu zinafanya mabonge. Hapo mkaa nikaupunguza na mwiko haukutoka mkononi, karanga hushika chini haraka sana. Vijicho vya mafuta vilipoanza kuelea juu nikatia nyama, pamoja na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyokuwa imeloweshwa tangu asubuhi. Nikaacha sufuria nzima itokote sawasawa, si kuvuguvugu, kwa sababu kiporo kinachemshwa mara moja na kuliwa chote.

Bibi alionja kwenye kiganja.

"Mwanangu, nsansa ungeiosha tena. Ina mchanga."

"Nimeiosha, mama."

"Ungeiosha tena."

Mchanga ulikuwepo kidogo, kweli. Ila ugali wa mtama uliisha kabla ya mboga, jambo ambalo nyumbani kwetu huwa kinyume, na mdogo ambaye jana alilaza nyama pembeni ya sahani leo aliikombeleza na karanga bila kujua ni ileile. Sikumwambia.

Kipimo nilichokiandika: konzi mbili za karanga kwa bakuli moja la nyama iliyochambuliwa. Zikizidi, mboga inakinaisha, na nyati anapotea.

Yanayofuata. Zile kano ziko kwenye friza, zinasubiri supu ya ndimu na pilipili. Nsansa nitaibadilisha mvua zikianza, mwezi wa 11 hivi, wakati uyoga wa miombo unapoanza kupangwa kwenye masinia kando ya barabara za Sikonge na Urambo, huku Tabora. Bibi anadai uyoga na karanga havihitaji nyama kabisa. Tutaona, bucha likiwa na mzigo.