Nilivyoigeuza The Moonstone kuwa tamthilia bila kumdanganya mtazamaji

Tahadhari kwanza, humu namtaja mwizi. Riwaya imetoka 1868, kama hujaisoma mpaka leo usinilaumu.

Kwa kifupi, The Moonstone ya Wilkie Collins ni kuhusu almasi iliyoporwa India wakati Waingereza wanaiteka Seringapatam mwaka 1799. Mporaji anakuja kumrithisha mpwa wake Rachel huko Yorkshire, anakabidhiwa siku ya bethdei yake mwaka 1848 na usiku huohuo inapotea. Nikapewa kazi ya kuandika skripti ya vipindi vitano. Magauni na magari ya farasi yana watu wake, mimi kilichoninyima usingizi ni kitu kimoja: aliyeitoa almasi chumbani ni Franklin, stelingi mwenyewe, ndo huyohuyo anayehangaika kuliko wote kumsaka mwizi na wala hajui kuwa ni yeye, maana alitiliwa afyuni bila kuambiwa akatembea usingizini. (Godfrey, yule binamu msafi, ndo aliyetokomea nayo baadaye.)

Kitabuni inapita vizuri kwa sababu wahusika wanapokezana kusimulia, kila mtu anaandika alichokiona yeye basi. Sasa kamera inaona kila kitu. Ukionyesha Franklin anaamka usiku ule, hadithi imeisha kipindi cha kwanza, na ukimficha halafu ukaja kumtoa mwishoni kama mwanamazingaombwe anayetoa sungura kwenye kofia, mtazamaji ataona umemchezea na atakuwa na haki. Nilifikiria sauti ya msimulizi, mzee Betteredge msimamizi wa nyumba aongee juu ya picha, anachekesha kweli yule mzee ila inakuwa redio tu, nikaachana nayo.

Kilichonitoa ni sheria moja: kila kipindi kina shahidi wake na kamera haiingii pasipokuwa na shahidi huyo. Cha kwanza ni cha Betteredge. Yeye usiku ule anafunga milango, anawafungulia mbwa, anaenda kulala, basi na sisi tunalala naye na asubuhi tunaamshwa na kelele kama yeye. Kipindi cha Miss Clack, yule mlokole wa kugawa vijitabu vya dini, Godfrey anapigwa taa nzuri mpaka anang'aa, kwa sababu ndivyo Clack anavyomuona. Hapo sijasema uongo hata kidogo.

Vidokezo navyo vilitaka akili. 1848 hakuna alama za vidole, polisi wa London, Scotland Yard, walikuja kuanza nazo 1901, kwa hiyo mpelelezi Sajenti Cuff anategemea doa kwenye rangi mbichi ya mlango wa Rachel, rangi inayokauka kwa masaa 12. Ukimwacha Cuff aeleze yote kwa mdomo watu wanashika simu zao. Nikaipeleka kwenye sini ya mapenzi, Rachel na Franklin wanaupaka mlango pamoja, wanacheka, Rachel anakemewa asiguse mpaka usiku wa manane upite, yaani mtazamaji anaangalia mahaba kumbe ameshamezeshwa ushahidi.

Ya afyuni ndo ilileta ubishi na produsa. Mtu wa leo akisikia dawa ya kulevya anaona mwandishi kakwama kajitungia mlango wa kutokea, wakati enzi zile ilikuwa dawa ya kawaida ya maumivu, sheria ya kuibana afyuni huko Uingereza ilipita 1868, mwaka uleule wa kitabu, na Collins mwenyewe alikuwa anaitumia sana. Nikaweka chupa kila mahali tangu mwanzo, huyu jino, yule kikohozi. Produsa akataka nikate ule ugomvi mezani, Franklin anawakejeli madaktari mbele ya Dokta Candy, eti kwenye sini ile watu wanakula tu hakuna kinachotokea. Nikakataa, maana bila ule ugomvi daktari hana sababu ya kumtilia dawa.

Chumba cha Rachel tunaingia kipindi cha nne. Franklin anamuuliza kwa nini anamchukia, Rachel anamjibu nilikuona kwa macho yangu ukiichukua, na kwa kuwa yeye ni shahidi, kamera sasa ina ruhusa. Tulipoisoma skripti mezani mwigizaji mmoja akarudi kurasa za mwanzo kutafuta nilipomdanganya, akapekua weee, akaishia kuniuliza tu mbona Rachel kakaa kimya muda wote huo. Nikamwambia aendelee kusoma, jibu lipo ukurasa unaofuata.