Do siyo nyumbani kila siku

Kwaya nyingi hapa Tabora zimelelewa kwa solfa, yaani kuimba kwa majina Do, Re, Mi. Mwalimu anatoa Do, besi na tena wanachukua noti zao, na wimbo unaanza. Do ndiyo nyumbani, noti ambapo wimbo hutua. Sasa wape waimbaji haohao Victimae paschali laudes ya Pasaka, wimbo wa Kigregori (uimbaji wa kale wa Kanisa, wa sauti moja) wa modi ya kwanza, modi ikiwa ni aina ya ngazi ya noti. Unaanza Re, Do, Re, na nyumbani kwake ni Re. Wakisikia ile Do ya katikati wanaing'ang'ania, na mwishoni Re inabaki inaning'inia kama mtu aliyesimama mlangoni.

Dawa inayofaa inatoka India. Huko nyumbani ni Sa, noti ya kwanza ya ngazi yao, na hapahami; ukitaka rangi nyingine unashusha au unapandisha noti zinazoizunguka. Wakigregori walifanya kinyume: majina ya noti yalibaki palepale, nyumba ikahama kati ya Re, Mi, Fa na Sol. Modi 8, nyumba 4. Imba Re hadi Re, kisha hiyo Re uiite Sa: unapata ngazi yenye Ga na Ni (noti ya tatu na ya saba) komal, yaani zimeshushwa nusu toni. Wahindi huiita Kafi. Mi hadi Mi ni Bhairavi. Lakini ngazi siyo raga, mfumo wa Kihindi wa kujengea wimbo! Raga ina njia zake za kupanda na kushuka na noti zake za kukazia, kwa hiyo usiwaambie wanakwaya kwamba wanaimba raga.

Cha kuazima ni mlio wa tanpura, ala ya nyuzi ya India inayovumisha noti zilezile chini ya wimbo. Tanpura ya kawaida ina nyuzi 4: Pa (noti ya tano kutoka Sa), Sa mbili za katikati, na Sa ya chini. Chini ya kila uzi, pale kwenye daraja, hupitishwa kipande cha uzi wa pamba. Ukikisogeza kidogo mlio unafunguka na kuvuma. Programu za simu zenye mlio huo zipo. Kama huna, shika Re na La, ndizo Sa na Pa za wimbo huu, kwenye kinanda, sauti ya ogani isiyotetemeka, chini ya sauti za watu. Usiongeze Fa. Fa ya kinanda iko chini kidogo ya ile ambayo sikio linaitaka juu ya Re, na kwaya itaifuata. Re na La hazina tatizo hilo, tofauti yake haisikiki.

Dakika 5 za kwanza waimbe Re tu kwa "u", wakipokezana pumzi. Kisha Re, Do, Re polepole mpaka Do isikike kama hatua ya kutoka nje na kurudi. Halafu Fa, Mi, Re. Hapa ndipo wengi huanguka: Fa kwenda Mi ni nusu toni, wao wanaishusha zaidi, na Re inafuata shimoni. Mazoezi ya chini ya mwembe huzidisha kosa hili, maana sauti hairudi na kila mtu anasukuma.

Wakishaujua wimbo, zima mlio katikati ya ubeti, uwashe tena kwenye Re ya mwisho. Re yao ikigongana na mlio, rudia Fa, Mi, Re, sauti moja moja. Fanyeni hivyo mapema jioni. Mvua ya Machi ikianza kupiga bati hakuna atakayesikia mlio wala mwenzake.